Nissan Leaf: taa ya chaji ikiwaka usipaniki

Hii gari ya umeme naipenda kwa vile inakuonya mapema, chaji ikishuka kwanza inawaka taa ya njano na zile kilomita zilizobaki zinaanza kupepesa, ukiendelea namba zinapotea unabaki na vistari tu, mwisho kabisa inatokea picha ya kobe kwenye dashibodi, hapo nguvu imepunguzwa gari inatambaa, tafuta pa kuegesha haraka sana. Mimi taa ikiwaka nazima AC, naweka Eco (hali ya kubana chaji), napunguza mwendo. Ila ukitoka Naivasha kupanda Limuru jamani chaji kabla, ule mlima unakula betri vibaya mno. Na hizi zinazotoka Japani chaja yake ya haraka ni ya plagi aina ya CHAdeMO, piga simu kituo cha kuchajia uulize kama waya wake upo. Kwa mizunguko ya mjini naipa tano kwa tano