Kamera ya ukubwa wa kidole gumba: miezi minane nayo shingoni

Nianze na picha moja, maana ndiyo iliyonisukuma kuandika. Shangazi yangu ameketi dirishani, sindano mkono huu, uzi mkono ule, macho kayakaza, ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo. Mwanga wa asubuhi umempata shavu moja, la pili limo kivulini. Nina picha zake nyingi nilizopiga kwa simu, na zote zinafanana: ameshaiona simu, amejiweka sawa mtandio, amekaza shingo kama anayesubiri kupimwa. Hii ya dirishani imetoka kwenye kamera ya bei ya chini kabisa niliyowahi kununua. Nilipomwonyesha aliitazama kimya kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, huyu sasa ndiye mimi."

Kamera yenyewe ina urefu wa sentimita tano na nusu, na nilipoiweka kwenye mizani ya jikoni ilisoma gramu 24 pamoja na kadi yake ya kumbukumbu. Haina kioo cha kuangalizia, haina flashi, haina zumu. Vitufe ni viwili na kitaa ni kimoja: kikiwaka buluu iko tayari, kikimetameta chekundu imeshapiga. Wakati naipima nilikumbuka kamera ya kwanza ya kidijitali, ile aliyoiunda mhandisi Steven Sasson akiwa Kodak mwaka 1975. Ile ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe yenye pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuihifadhi kwenye kanda ya kaseti. Kamera kama yangu 150 ndizo zingefikia uzito wa ile moja. Kwa hiyo mtu akiniambia hiki ni kichezeo cha watoto, simkubalii.

Lakini boksi lake linadanganya, na hilo lazima lisemwe wazi. Limeandikwa megapikseli 12, yaani pikseli milioni 12. Ukifungua picha kwenye kompyuta unakuta kweli ina pikseli 4032 kwa 3024, hesabu inatimia. Nikaivuta karibu kutazama nywele na nyuzi za nguo, nikakuta rojorojo. Ndipo nikafanya jaribio ambalo namshauri kila mtu alifanye: nilichukua picha hiyo nikaipunguza hadi 1280 kwa 960, yaani megapikseli 1.2 tu, kisha nikaipanua tena hadi ukubwa wake wa mwanzo na kuziweka mbili sambamba. Sikuweza kuzitofautisha. Maana yake kihisi cha kamera hii, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kinaona pikseli milioni moja na kitu, na zilizobaki zimejazwa na programu ya ndani kwa kukisia rangi iliyo kati ya pikseli moja na jirani yake. Faili linakuwa zito, kadi inajaa upesi, na hupati hata unywele mmoja wa ziada. Kwa bahati yangu iliwezekana kuiweka kwenye 1280 kwa 960, na tangu siku hiyo sijaigeuza.

Je, megapikseli 1.2 zinatosha? Kwa kutazama kwenye simu, zinatosha na kubaki. Kwa kusafisha kwenye karatasi, ukihesabu pikseli 300 kwa kila inchi, unapata picha ya sentimita 11 kwa 8, saizi ya kiganja. Ya shangazi niliisafisha saizi hiyo na imetoka safi. Ukitaka ya kutundika ukutani, hapana, itavunjika.

Jambo linaloamua kila kitu kwenye kamera hizi ni mwanga. Kihisi chake kina upana wa milimita tatu na ushei. Kamera kubwa za wapigapicha wa kazi zina kihisi cha milimita 36 kwa 24, eneo lililo zaidi ya mara 80 ya hiki changu. Ukisimamisha kisoda na sinia kwenye mvua moja, kisoda hakitakusanya maji ya sinia hata ukiombe namna gani. Ndivyo ilivyo kwa mwanga. Ndani ya chumba chenye balbu moja, kamera hii inajilazimisha: inakuza ule mwanga kidogo iliouona, na pamoja nao inakuza makosa ya umeme ya kihisi chenyewe, ndiyo hizo chenga unazoziona kwenye sehemu za giza, nukta nyekundu na za kijani zilizotapakaa kama mchanga. Tena inaacha kihisi wazi kwa muda mrefu zaidi, hivyo mkono ukitikisika kidogo tu sura inavutika kama moshi. Wiki ya kwanza nilipiga picha zaidi ya 60 usiku kwenye sherehe ya familia. Zilizosalia ni nne, na zote nne ni za watu waliokuwa wamesimama chini ya taa wakisikiliza hotuba.

Baada ya hapo niliacha kuidai kitu isichonacho. Nikaanza kuutafuta mwanga kabla ya kumtafuta mtu. Nje kukiwa na mawingu mepesi ndipo inapendeza kuliko wakati wowote: vivuli ni laini, rangi zinakolea bila kuungua. Jua la utosini linaichanganya, kwa sababu haiwezi kubeba mwangavu na giza kwa pamoja. Anga linakuwa jeupe kabisa, au sura ya mtu inakuwa nyeusi, uchague kimoja. Ndani ya nyumba, msimamishe mtu hatua moja kutoka dirishani na wewe usimame ubavuni mwa dirisha, usilielekee. Viwiko vyako vibane mbavuni, toa pumzi, kisha bonyeza. Nilipokuwa na simu sikuwahi kufikiria haya, kwa kuwa simu inarekebisha mengi yenyewe. Kamera hii hairekebishi kitu, na macho yangu yameamka kwa sababu hiyo. Siku hizi nikiingia chumba kigeni najikuta nimeshaangalia dirisha liko upande gani.

Lenzi haisogei. Imewekwa moja kwa moja ili kuanzia kama mita moja kwenda mbele kila kitu kionekane vizuri kiasi. Chini ya hapo ni ukungu. Nilijaribu kupiga ukurasa wa kitabu, maua, pete kidoleni: usijisumbue. Ukihitaji kupiga nyaraka, tumia simu.

Kuna kasoro nyingine iliyonishangaza hadi nilipoelewa chanzo chake. Nilipiga picha kupitia dirisha la basi linalokimbia, nguzo zote za barabarani zikatoka zimelala upande mmoja. Feni ya dari nayo ikatoka na mapanga yaliyopinda kama ndizi. Kihisi hakisomi picha nzima kwa mpigo. Kinasoma mstari baada ya mstari, juu kwenda chini, na kinapofika mstari wa mwisho kitu kinachokwenda kasi kimeshahama. Vihisi vya simu nyingi husoma hivyohivyo, ila vinasoma haraka zaidi, kwa hiyo huoni sana. Kwenye video ni mbaya zaidi: ukitembea huku unarekodi, dunia nzima inacheza kama uji. Simama mahali pamoja, tulia, rekodi.

Nimeitaja video, basi nieleze siku niliyodhani nimepoteza kitu kisicholipika. Mpwa wangu alikuwa kwenye ile wiki ya kujaribu kusimama. Jioni moja akaachia kiti, akapiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, akakaa kwa makalio. Nilikuwa narekodi. Kabla sijabonyeza kusimamisha, kitaa kikazima. Betri imekwisha. Nilipochomeka kwenye kompyuta faili lilikuwepo, lina uzito wake kabisa, lakini kila programu iligoma kulifungua. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yangu, na sikujua nimwambie nini.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Kamera hizi huhifadhi video kama faili la AVI, na mwishoni mwa kurekodi huandika faharasa inayoonyesha kila picha ilipo ndani ya faili. Umeme ukikatika kabla ya hapo, picha zote zimo, faharasa haimo, na programu inakuwa kama msomaji aliyepewa kitabu chenye kurasa zisizo na namba. Nilijaribu VLC, programu ya kuchezea video, ikaniuliza kama nataka irekebishe faharasa. Nikakubali. Baada ya muda mfupi mtoto alikuwa anatembea kwenye kioo, hatua zote tatu. Mama yake alilia, nami nikalia. Kwa hiyo ukipatwa na jambo kama hilo, usifute faili, na usiguse kadi kwa kurekodi kitu kingine juu yake.

Betri ndiyo udhaifu ninaouvumilia kwa shida. Imeandikwa uwezo wa miliampea-saa 200, na simu ya kawaida siku hizi ina 4000 au 5000. Yangu ilinipa dakika 40 hivi za video ilipokuwa mpya, sasa ni 30. Picha za kawaida inapiga nyingi, ila inabidi uizime kila baada ya kupiga. Betri imechomelewa ndani, huwezi kuibadilisha wewe mwenyewe, kwa hiyo siku ikifa kamera nayo imekufa. Hapo watengenezaji wangeweza kufanya vizuri zaidi, na nasema hivyo kwa uchungu.

Mengine ni ya kujua tu ukajiepusha. Kadi: yangu inakubali hadi GB 32. Niliweka ya GB 64 haikuisoma, kwa sababu kadi za ukubwa huo huja na mpangilio wa kuhifadhi mafaili uitwao exFAT na kamera inaelewa ule wa FAT32 peke yake. Tarehe: kila picha ilikuwa imeandikwa mwaka 2008 kwa rangi ya njano pembeni, hadi nilipogundua kwamba inabidi uandike tarehe na saa kwenye faili dogo la maandishi, uliweke kwenye kadi, kisha uiwashe kamera ilisome. Betri ikiisha kabisa, saa inapotea na unaanza upya. Waya: uliokuja nao ulipokatika nilitumia mwingine, kamera ikachaji vizuri lakini kompyuta haikuiona. Karibu niitupe. Kumbe kuna nyaya zenye njia ya umeme tu, hazina njia ya data. Na sauti: tundu la maikrofoni liko karibu na kitufe, kila video inaanza na "tak" kubwa, na upepo ukivuma husikii neno.

Sasa nirudi kwa watu, kwa sababu faida yake kubwa iko hapo. Kwa kuwa haina kioo, ukishapiga hakuna cha kukimbilia kutazama. Watu hawakusanyiki kuomba "hebu nione, nimependeza?" Mazungumzo yanaendelea. Nami siinamishi kichwa. Namtazama mtu usoni huku kamera iko kifuani. Nimegundua kwamba watu hukaza sura kwa sababu ya ile simu inayosimama katikati yao na macho yako, na ukiondoka ukuta huo wanabaki jinsi walivyo.

Ila udogo huohuo una hatari, na sitaki kuupita kimyakimya. Kamera isiyoonekana inaweza kumdhulumu mtu. Mimi naivaa nje ya nguo, kwenye kamba nyekundu, na nasema mapema: leo nitapiga picha, asiyetaka aniambie. Shangazi nilimwomba ruhusa siku hiyo mapema, akacheka, akasema kidude hicho kitaona nini. Baada ya kupiga nilimwonyesha yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Kuna rafiki yangu mmoja alisema hapana, na kwenye picha zangu zote hayumo. Sehemu za kubadilishia nguo, hospitalini, kwenye maombolezo, inabaki mfukoni ikiwa imezimwa.

Mtoto wa miaka sita wa dada yangu ndiye mtumiaji wake wa pili. Simu yangu singemkabidhi akakimbia nayo. Hii nilimpa bila wasiwasi. Amerudi na picha za magoti, chini ya meza, tumbo la mbwa, viatu vya babu yake kwa karibu hadi ukungu. Na moja ya babu mwenyewe kutoka chini, kichwa kimegusa mawingu, anacheka kwa namna ambayo hatucheki nayo sisi watu wazima tukimpiga picha.

Ukitaka kununua, mwombe muuzaji picha moja halisi isiyohaririwa, iliyopigwa ndani ya nyumba, uifungue kwenye kioo kikubwa. Usisome boksi. Hakikisha inakubali kuwekwa kwenye pikseli zake za kweli, na kwamba ina tundu la USB-C. Langu ni lile la micro-USB, na baada ya miezi minane limelegea: naegemeza waya kwa kitabu ndipo chaji iingie. Ya mtoto nimeshaiagiza. Ameomba kamba yake iwe ya kijani, ili zisije zikachanganyika.