Casio fx-991ES Plus au fx-82MS: ipi inunuliwe kwa milinganyo ya vipeo na logi?

Mwanafunzi wa S.5 (kidato cha tano Uganda) anayeanza PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), PEM (Fizikia, Uchumi, Hisabati) au hata Sub Maths (hisabati ya somo dogo) huambiwa na wenzake anunue kikokotoo cha fx-991ES Plus kwa sababu "inasolvu yenyewe", yaani inatafuta yenyewe jibu la mlinganyo. Ni kweli, inasolvu. Lakini pesa ya ziada unayolipa juu ya bei ya fx-82MS hainunui kile wengi wanachodhani, na katika mada hii ya vipeo na logi tofauti ya mashine hizi mbili inaonekana wazi kuliko mada nyingine yoyote.

Kwanza sheria. Karatasi za hisabati za UACE, mtihani wa mwisho wa S.6, huruhusu kikokotoo cha kisayansi kisicho na sauti na kisichoprogramika, pamoja na majedwali ya hisabati yenye orodha ya kanuni. Zote mbili zinapita hapo.

Tuanze na kazi ndogo: 2^x = 7. Kwenye 82MS unabonyeza log 7 ÷ log 2 na kupata 2.807354922. Kwenye 991 kuna kitufe cha logi chenye visanduku viwili. Unajaza kizio 2 (namba ndogo inayokaa chini ya logi), unasogea kulia kwa mshale, unajaza 7, basi. Jibu ni lile lile. Ila ukizoea 82MS kisha ukaazima 991, jihadhari: kitufe chake cha log hufungua mabano chenyewe. Ukiandika log(7÷log(2 bila kufunga mabano baada ya 7, mashine itatafuta logi ya 7 iliyogawanywa kwa 0.3010, na utapata kama 1.37. Haitoi onyo lolote, kwa kuwa ulichoandika ni halali kabisa. Dawa ni kufunga mabano kila mara: log(7)÷log(2).

Mtego wa pili wa 991 ni mshale. Ukishaandika kipeo, lazima ubonyeze mshale wa kulia ili ushuke kutoka kwenye kipeo, la sivyo kila unachoongeza kinabaki huko juu. Kwenye 82MS kosa ni kinyume chake. Kipeo chenye zaidi ya namba moja kinahitaji mabano, yaani 2^(2×3+1), kwa sababu 2^2×3+1 ni 13 wakati ulitaka 128.

Sasa SOLVE yenyewe, amri ya 991 ya kutafuta jibu la mlinganyo, ambayo ndiyo inayouza mashine hii. Chukua mlinganyo wa aina inayopendwa sana na watungaji: 2^(2x+1) − 9(2^x) + 4 = 0. Unauandika jinsi ulivyo (X ni ALPHA kisha kitufe cha kufunga mabano, alama ya sawasawa ni ALPHA CALC), kisha SHIFT CALC. Inakuuliza uanzie wapi. Weka 0, bonyeza =, subiri kidogo: X = −1. Chini yake kuna L−R, yaani upande wa kushoto ukitoa wa kulia. Ikiwa si 0 au namba ndogo mno, usiliamini jibu.

Wengi hufunga kazi hapo. Na wamepoteza nusu ya jibu, kwa sababu mlinganyo huu una majibu mawili. Anza tena na 3, utapata X = 2. SOLVE hutumia njia ya Newton, hufuata mteremko wa mchoro kutoka pale ulipoanzia hadi jibu moja, kisha husimama. Haijui kama kuna jingine. Ubaya zaidi, ukirudia bila kubadilisha namba ya kuanzia, mashine huanza na jibu la mwisho lililobaki kwenye X, nalo litakurudishia jibu hilo hilo, ukadhani umehakiki.

Kwenye karatasi, kazi hii ni fupi. Weka y = 2^x. Kwa kuwa 2^(2x+1) ni 2y², unapata 2y² − 9y + 4 = 0, yaani (2y − 1)(y − 4) = 0. Basi y ni ½ au 4, na x ni −1 au 2. Kosa linalojirudia ni kuandika 2^(2x+1) kama y² + 1 au y² + 2, kwa kusahau kwamba kujumlisha kwenye kipeo ni kuzidisha chini. Msahihishaji anatoa alama kwa hatua hizo. "x = −1, x = 2" zilizodondoka kutoka hewani hazitamshawishi, hata zikiwa sahihi.

Kwa hiyo SOLVE ni ya kuhakiki tu. Kwa kazi hiyo, TABLE (MODE 7), yaani jedwali la thamani za mlinganyo, inaishinda. Andika f(X) = 2^(2X+1) − 9×2^X + 4, anza −3, maliza 3, hatua 1. Unapata mistari saba: 2.906, 1.875, 0, −3, −6, 0, 60. Majibu yote mawili yako mbele yako, na hata yasingekuwa namba kamili ungeona mahali ishara inapogeuka. Ni ajabu kwamba walimu wachache huionyesha.

Mwenye 82MS hana SOLVE wala TABLE, lakini ana kumbukumbu za herufi. Weka 2 kwenye A (2, SHIFT, RCL, A), andika 2^(2A+1) − 9×2^A + 4, bonyeza =. Ikitoka 0, jibu limepita. Badilisha A, rudi kwa mshale kwenye mstari ule ule, bonyeza = tena. Ni polepole kidogo, lakini uhakiki ni ule ule.

Kwenye logi, mashine zote mbili zinaweza kukupotosha kwa namna moja. Chukua log₂x + log₂(x − 2) = 3. Unaunganisha: x(x − 2) = 8, yaani x² − 2x − 8 = 0. Ukiuingiza kwenye MODE 5 ya 991, sehemu ya milinganyo ya kipeo cha pili, utapewa 4 na −2 bila kusita. Mashine haijui kwamba mlinganyo ulitoka kwenye logi. Kazi ya kuikataa −2 ni yako, kwa sababu logi ya namba hasi haipo kati ya namba halisi, na sababu hiyo inapaswa kuandikwa, isiachwe kwa mstari tu uliokatwa juu ya jibu. Hapa SOLVE husaidia kidogo: ukiingiza mlinganyo wa awali na kuanza na namba kubwa kuliko 2, itafika 4. Ukianza na 0, uko nje ya eneo la logi, na usishangae ukiona Math ERROR.

Aina ngumu zaidi ni ile yenye x kwenye kizio: log₃x − 4 log_x 3 + 3 = 0. Badilisha kizio, kwa kuwa log_x 3 = 1/log₃x. Weka t = log₃x, zidisha kwa t, upate t² + 3t − 4 = 0. Basi t = 1 au −4, na x = 3 au 1/81. Jibu hili la pili karibu kila anayetegemea SOLVE hulikosa, kwa sababu hakuna anayefikiria kuanzia karibu na 0.0123.

Na makadirio. Pesa iliyo kwenye SACCO kwa riba ya 12% kwa mwaka, inayojumlishwa kila mwaka, itachukua miaka mingapi kutoka milioni 2 hadi milioni 5? 1.12^n = 2.5, hivyo n = log 2.5 ÷ log 1.12 = 8.085, yaani miaka 9 kamili. Ukikata logi mapema kuwa 0.40 na 0.05, unapata 8 hasa, na mwisho wa mwaka wa 8 mwenye akaunti atakuta shilingi 4,951,926. Usikate chochote hadi mstari wa mwisho. Hali ya kinyume, pikipiki inayoshuka thamani 20% kila mwaka hadi iwe chini ya sehemu ya kumi ya bei: 0.8^n < 0.1. Log 0.8 ni hasi, kwa hiyo ukigawanya kwayo ishara inageuka: n > 10.3, jibu miaka 11. Hakuna kikokotoo kitakachokugeuzia ishara hiyo.

Pale algebra inapoishia, kama e^x = x + 2, ndipo ungetegemea 991 ing'are. SOLVE inatoa 1.146193 au −1.841406 kutegemea unapoanzia. Lakini Karatasi ya Pili ya hisabati ya UACE inataka hatua za Newton-Raphson (ile njia ya Newton ya SOLVE) zenyewe, na hapo 82MS haina unyonge. Bonyeza 1 =, kisha, ukitumia kitufe cha Ans (jibu la mwisho), andika Ans − (e^Ans − Ans − 2) ÷ (e^Ans − 1), na ubonyeze = mfululizo: 1.1640, 1.1464, 1.1462. Ukianza na 0 inakataa, kwa sababu e^0 − 1 ni sifuri na huwezi kugawanya kwa sifuri.

Majedwali ya tarakimu nne bado yanafaa betri ikifa. Kwa 2^x = 7 yanatoa 0.8451 ÷ 0.3010, yaani 2.807 ukikata kwa desimali tatu. Tarakimu ya nne usiitegemee. Kuhusu betri, 991 ina kidirisha cha jua na betri ya kifungo LR44, ambayo mafundi saa huwa nayo. 82MS hutumia AA au AAA kulingana na toleo, nazo zinapatikana duka lolote la mtaani.

Hukumu yetu: kama tayari una 82MS nzima, kaa nayo, na pesa nunulia karatasi za mitihani iliyopita. Kama unanunua kwa mara ya kwanza na bei inakuruhusu, chukua 991 kwa ajili ya TABLE na kitufe cha logi yenye kizio. Nakala bandia ni nyingi, kwa hiyo kabla ya kulipa, jaribu dukani: logi ya 7 kwa kizio 2 itoe 2.807354922, SOLVE ya mlinganyo ule wa juu itoe −1 ukianza na 0 na 2 ukianza na 3, na TABLE itoe mistari saba ile ile. Muuzaji akikukataza kuiwasha, nenda duka la pili.