Kamusi ya Kiingereza niliyonunua Birere: nzuri, ila usiamini nukta zake

Nafanya kazi jikoni, kwenye nyumba ya wageni hapa Goma. Siku moja mzungu aliuliza kuna nini ndani ya supu. Nikamjibu "vegetable", nikiikaza ile -ta- vile tunavyokaza "mboga". Akageuka kutazama meza: alisikia "table".

Kesho yake nikashuka Birere, nikanunua kamusi ya mitumba kwa faranga elfu kumi, baada ya kubishana bei.

Kila neno refu lilikuwa limekatwa kwa nukta. Vegetable vipande vinne, nami nikavitamka vyote vinne wiki nzima. Kumbe nukta zile ni za wachapaji, zinaonyesha pa kulikata neno mstari ukiisha! Silabi za mdomoni ziko pembeni, kwenye maandishi ya matamshi, na huko vegetable ina silabi tatu tu: VEJ-ta-bol. Kijistari kilichosimama kinatangulia silabi yenye mkazo. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, mwalimu wa Kiingereza, ndiye aliyenionyesha. Kurasa za maelezo mwanzoni nilikuwa nimeziruka, na nani huzisoma?

Hapo ndipo nikaanza kuonja utamu wake. Maneno yanayoishia -tion na -ic karibu yote yanakwenda kama "mwalimu" na "kitabu", mkazo silabi ya pili kutoka mwisho: infor-MA-tion, elec-TRO-nic. Mswahili angeyapata bure, ila sisi Wakongomani Kifaransa kinatuvuta hadi mwisho wa neno. Ya -ity na -graphy unarudi hatua moja zaidi: elec-TRI-ci-ty. Ndiyo maana ukoo mmoja unahamahama: PHO-to-graph, pho-TO-gra-phy, pho-to-GRA-phic. Na silabi isiyo na mkazo mara nyingi Waingereza wanaimeza, usihangaike kuitamka wazi kama irabu zetu.

Ubaya wake? Herufi ni ndogo mno. Umeme ukikatika, kwa tochi ya simu kile kijistari hukioni kabisa. Tena kurasa za mwisho za S zimechanwa, ndiko iliko sustainability, neno ambalo mashirika hapa Goma hayachoki kulitaja. Nikahesabu mwenyewe kutoka mwisho, nikaangukia -bi-, nikampigia yaya. Akasema ndiyo hapo.

Kwa elfu kumi ningeinunua tena, lakini ningefungua S kwanza kabla ya kutoa pesa.