Maswali mazuri, kikaratasi kimoja: tathmini ya kliniki ya kiungulia

Kliniki hii ya binafsi ya magonjwa ya mfumo wa chakula, iliyopo Dar es Salaam na ambayo sitaitaja jina, ina jambo moja ambalo sijalikuta kwingine: fomu anayopewa mwanamume mwenye kiungulia si ile anayopewa mwanamke. Mimi na mke wangu sote tunasumbuliwa na tindikali inayopanda kifuani, na tulipoziweka fomu zetu sambamba pale mapokezi tuliona kwamba ukurasa wa kwanza ulifanana, lakini wa pili ulikuwa na maswali tofauti kabisa.

Wangu ulihusu sigara, pombe na kitambi. Muuguzi hakutosheka na mizani, alizungusha utepe usawa wa kitovu na kusema, “Baba, pumua kwanza, usijikaze tumbo.” Daktari alifafanua kwamba mafuta yanayojificha ndani ya tumbo, ambayo kwa kawaida huwarundikia wanaume zaidi, hukandamiza mfuko wa chakula na kusukuma tindikali kupita msuli unaofunga mlango wa chini wa umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ilhali nikotini huulegeza msuli huohuo. Wanaume pia ndio wanaokutwa zaidi na michubuko ya umio na hali iitwayo umio wa Barrett, ambamo utando wa umio hubadilika na, kwa wachache, huweza kuzaa saratani. Ndiyo maana mwanamume aliyevuka miaka 50, mwenye kitambi, mvutaji sigara na mwenye kiungulia cha muda mrefu hufikiriwa mapema kwa kipimo cha kamera inayopitishwa kooni. Nilipenda kwamba daktari hakutumia saratani kututisha: alisema wazi kwamba saratani ya umio iliyozoeleka zaidi Afrika Mashariki ni ya aina nyingine, isiyotokana na tindikali.

Ukurasa wa mke wangu ndio ulionishawishi kuandika tathmini hii. Uliuliza amebeba mimba ngapi, kiungulia kilianza katika mimba ipi, kama hedhi inaendelea, na kama amewahi kutumia tiba ya homoni. Homoni ya projesteroni hulegeza msuli wa umio wakati wa ujauzito, kisha mji wa mimba unaokua huongeza mgandamizo kutoka chini, hivyo mwanamke mwembamba asiyejua sigara wala pombe anaweza kuungua kifua usiku kucha. Uzito nao hauwaathiri wote sawasawa: utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba unene unahusiana na kiungulia kwa nguvu zaidi kwa wanawake, hasa wale ambao hawajakoma hedhi na wanaotumia homoni baada ya kukoma. Isitoshe, wanawake wengi wenye dalili kali hawaonekani na mchubuko wowote kwenye kamera. Mahali pengine mke wangu alijibiwa, baada ya kipimo safi, kwamba ana mawazo tu. Hapa alielezwa kwamba kiungulia kisicho na michubuko ni ugonjwa unaotambulika na unaotibiwa.

Baada ya umakini wote huo, inasikitisha kwamba tulitoka na kikaratasi kimoja cha ushauri, kilichorudufiwa hadi maandishi yakafifia. Kinamwamuru mke wangu aache sigara ambayo hajawahi kuishika. Ushauri wa kuinua kichwa cha kitanda na kutolala kabla ya kupita muda wa saa 3 tangu kula ni sahihi kwa wote, lakini huo tungeupata popote.

Pengo kubwa zaidi ni dawa. Fomu zote mbili haziulizi mgonjwa anameza nini, na mke wangu anatumia amlodipini kwa ajili ya presha, dawa iliyo katika kundi linaloweza kuulegeza msuli wa umio. Daktari aliligundua hilo tukiwa tumeshasimama kuaga, kwa sababu tu mke wangu aliuliza ameze omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali, kabla au baada ya dawa ya presha. Aidha, hakuna swali hata moja kuhusu maumivu ya moyo, ingawa yanaweza kujifanya kiungulia, na kwa wanawake dalili zake wakati mwingine hazifuati sura iliyozoeleka.

Foleni ilikuwa ya wastani, na wahudumu ni wastaarabu. Ningemshauri yeyote mwenye kiungulia kisichoisha aende, hasa mwanamke aliyekwisha kuambiwa hana kitu, ila abebe maboksi ya dawa zake zote na kumwekea daktari mezani kabla hajaulizwa lolote.