Geuza Mfuko wa Mbegu Kabla ya Kulipa

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo mezani nina mifuko minne: miwili ya nyasi za Rhodes, mmoja wa lusena, yaani malisho ya jamii ya kunde, na mmoja wa mahindi. Kwenye picha za mbele kila ng'ombe kanenepa, kwa hiyo tuigeuze tusome nyuma.

Nianze na Rhodes, maana ndiyo inayoliza wengi. Mfuko huu lebo inasema usafi asilimia 80, uotaji asilimia 40. Zidisha hizo mbili, unapata asilimia 32. Yaani katika kilo 10 unazobeba, mbegu hai ni kilo 3.2 tu, zilizobaki ni makapi na mbegu mfu. Huu wa pili una usafi 90 na uotaji 60, kwa hiyo katika kilo 10 una kilo 5.4 hai. Sasa chukua bei ya kila mfuko, ugawe kwa hizo kilo hai. Mara nyingi ule "wa bei nafuu" ndio ghali. Tazama pia tarehe ya kupimwa. Ikiwa ni ya zamani, hesabu mbegu 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, usiache kikauke, kisha uhesabu zilizoota baada ya wiki mbili.

Lusena hii imevikwa koti lenye bakteria wa mizizini. Kama shamba halijawahi kuota lusena, huenda udongo hauna bakteria hao, kwa hiyo koti hilo lina faida, ila nalo linapimwa kwenye mzani, hivyo kilo moja ina mbegu chache. Na bakteria hao ni viumbe hai: mfuko ulioanikwa juani dukani, uache. Udongo wako ukiwa na pH (kipimo cha asidi) chini ya 6, yaani una asidi nyingi, pesa hiyo nunua chokaa kwanza.

Mahindi haya ni chotara, yaani yametokana na kuchanganya aina tofauti, kwa hiyo usitunze punje za mavuno kuwa mbegu. Msimu ujao yatatoka mafupi kwa marefu. Wanaotaka saileji, yaani malisho mabichi yaliyokatwa na kuvundikwa, hupenda bua refu, lakini mimi naangalia gunzi lililojaa punje, kwa sababu wanga mwingi uko kwenye punje. Siku za kukomaa zikizidi siku za mvua yako, hata mbegu bora itakuangusha.

Rhodes nachukua mfuko wa pili. Mahindi nayachukua. Na hizo punje zenye rangi zina dawa, zikibaki msiwape kuku.