Nakala za cheti cha kifo kutoka ofisi ya kumbukumbu ya kaunti, California: dirishani pazuri, kwenye simu pagumu

Tathmini hii inahusu huduma ya kutoa nakala zilizothibitishwa za vyeti vya vifo katika ofisi ya kumbukumbu ya kaunti moja ya kusini mwa California, ambako nilichukua nakala za cheti cha marehemu kaka yangu. Niseme mapema kwamba dirishani huduma ni nzuri kuliko nilivyotarajia, lakini mtu anayefika bila kujua anahitaji nakala ya aina gani, na saini ya nani inapaswa kuwa chini yake, anaweza kuondoka na karatasi halali kabisa ambayo haitamsaidia chochote nyumbani. Nawaandikia zaidi ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaoishi huku, kwa sababu msiba wetu una kazi pande mbili: huku kuna benki, bima na gari la marehemu, na kule kuna mirathi.

Kwanza ieleweke kwamba ofisi hii haisajili kifo kwa kukusikiliza wewe. Katika California, kampuni ya mazishi ndiyo inayojaza taarifa kwenye mfumo wa kielektroniki wa jimbo, daktari au mchunguzi wa vifo wa kaunti anaandika chanzo cha kifo, na sheria inataka cheti kiwe kimesajiliwa ndani ya siku 8 tangu mtu afariki. Kazi ya ofisi ya kaunti ni kukupa nakala ya kilichokwisha kuandikwa, na karani wa dirishani hana uwezo wa kurekebisha hata herufi moja. Kwa maneno mengine, ubora wa cheti utakachopewa umeamuliwa siku ile ambayo mmoja wenu, pengine hajalala, alikaa na mtu wa kampuni ya mazishi akiulizwa kazi ya marehemu, miaka aliyoifanya, kiwango chake cha elimu, majina ya wazazi na mahali walipozaliwa.

Hapo kwenye majina ndipo penye shida kwa watu wetu. Marehemu anaweza kuwa na majina matatu kwenye pasipoti ya Tanzania, mawili kwenye leseni ya udereva ya California, na jina la babu likiwa limeandikwa kwa herufi tofauti kwenye hati ya kiwanja. Cheti kitabeba kile mlichokitamka, kama mlivyokitamka. Kampuni ya mazishi hutoa rasimu ya taarifa kabla ya kuzituma. Isomeni mkiwa watu wawili, pasipoti ikiwa mezani. Kosa likishasajiliwa linarekebishwa kwa hati ya kiapo, na hata hivyo ukurasa wa kwanza haufutwi: marekebisho yanaambatanishwa kama ukurasa wa pili, na tangu hapo kila nakala inatoka na kurasa mbili ambazo kila ofisa wa benki atataka aelezwe sababu yake. Utaratibu huohuo hutumika pale mchunguzi wa vifo anapoandika kwamba chanzo bado kinachunguzwa. Nakala hiyo inatosha kwa mambo kadhaa, lakini kampuni za bima ya maisha kwa kawaida husubiri chanzo kijulikane kabla ya kulipa, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua nakala nyingi kabla ya hapo.

Jambo la pili ni kujua uende jengo lipi. Katika kaunti nyingi za California, vifo vya mwaka huu na mwaka uliopita hutolewa na idara ya afya ya kaunti, na vya zamani zaidi viko kwa mtunza kumbukumbu wa kaunti. Kwa Los Angeles, kwa mfano, vifo vya karibuni viko katika idara ya afya ya umma, na kumbukumbu za miaka ya nyuma ziko katika ofisi kuu ya usajili iliyopo Norwalk. Pia kuna ofisi ya jimbo iliyoko Sacramento, yenye kumbukumbu za tangu Julai 1905, lakini hiyo huchukua muda mrefu zaidi, na sioni sababu ya kuitumia ikiwa unaijua kaunti ambayo kifo kilitokea. Angalia pia kwamba kinachohesabiwa ni kaunti alikofia mtu, si alikoishi. Aliyeishi kaunti moja akafariki hospitalini kaunti ya jirani, cheti chake kiko kwa majirani.

Sasa aina za nakala, ambalo ndilo jambo ninalotamani lingebandikwa mlangoni kwa maandishi makubwa. Tangu tarehe 1 Julai 2003, California inatoa nakala za aina mbili. Moja ni ya mtu aliyeidhinishwa, na nyingine ni ya taarifa tu, ambayo imepigwa maandishi yanayosema kwamba si hati halali ya kuthibitisha utambulisho. Zote mbili zimethibitishwa, zote zina muhuri, na zote hulipiwa bei ileile, nayo ilikuwa dola 24 kwa nakala tulipochukua zetu. Lakini benki, kampuni za bima na mahakama huitaka ile ya kwanza. Ili uipate ni lazima uwe kwenye orodha iliyowekwa na sheria: mzazi, mtoto, mjukuu, babu au bibi, kaka au dada, mume au mke, wakili au msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na wengine wachache. Binamu hayumo kwa jina lake, hata kama mlilelewa nyumba moja mkala sahani moja. Kwa hiyo mkigawana kazi za msiba, msimtume anayejua barabara vizuri. Mtumeni aliye kwenye orodha, akiwa na kitambulisho chenye picha kisichokwisha muda.

Dirishani kwenyewe nina sifa tu za kutoa. Fomu ni ya ukurasa mmoja, kiapo cha kwamba wewe ni ndugu unakitia saini mbele ya karani bila malipo ya ziada, na foleni ilikwenda. Mama aliyenihudumia alifanya jambo ambalo halimo kwenye mwongozo wowote niliousoma: alitoa nakala moja kwanza, akaisukuma chini ya kioo, akaniambia niisome yote taratibu kabla hajatoa nyingine. Aliniacha nisome bila kunihimiza, ingawa nyuma yangu walikuwapo watu. Karatasi yenyewe ni nzito, ina mpaka wa rangi uliochapwa kwa kuinuliwa kiasi kwamba ukipitisha ncha ya kidole unausikia, na chini kuna tarehe ya kutolewa, muhuri na saini. Maandishi ya chini yanasema wazi kwamba nakala isiyo na mpaka huo, tarehe, muhuri na saini si halali, kwa hiyo fotokopi uliyoitoa dukani haitachukua nafasi yake mbele ya mtu anayetaka nakala halisi.

Njia ya posta inafanya kazi, ila kiapo kilekile ulichotia saini bure dirishani lazima kithibitishwe na notari, yaani mtu aliyeidhinishwa na serikali kushuhudia saini. Notari wa Marekani si wakili kama wengi wetu tunavyodhani. Utampata benki au kwenye maduka ya kutuma vifurushi, na California imemwekea kikomo cha dola 15 kwa saini moja. Njia ya mtandaoni hupitia kampuni ya kati inayotoza gharama zake juu ya ada ya kaunti. Ingia kupitia tovuti ya kaunti yenyewe, kwa sababu ukitafuta kwenye intaneti utakutana kwanza na tovuti zilizopambwa kama za serikali ambazo kazi yake ni kukujazia fomu ya bure na kukutoza kwa hisani hiyo.

Nakala ngapi? Ushauri wa kampuni za mazishi huwa ni kumi au zaidi, nami nauona umetiwa chumvi. Kampuni za bima kwa kawaida huchukua nakala na kubaki nayo. Benki nyingi huitazama, huipiga picha na kukurudishia. Na taarifa kwa mamlaka ya hifadhi ya jamii mara nyingi hupelekwa na kampuni ya mazishi. Andika orodha ya akaunti, bima na mali, kisha ongeza mbili za kwenda nyumbani. Ukipungukiwa utaongeza baadaye kwa bei ileile.

Hizo mbili za nyumbani ndizo zinazotaka uangalifu zaidi. Tanzania, familia inayofungua mirathi Mahakama ya Mwanzo huenda na muhtasari wa kikao cha familia uliomteua msimamizi pamoja na cheti cha kifo, na cheti cha kigeni kitaulizwa kimethibitishwa na nani. Kwa nchi zilizomo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961 kuhusu kutambua hati za kigeni, kama Burundi na Rwanda, inatosha apostili, yaani cheti kimoja cha kuthibitisha saini na muhuri wa hati, ya ofisi ya Katibu wa Jimbo la California, ambayo ni dola 20 kwa hati, pamoja na dola 6 za huduma ya papo hapo ukienda mwenyewe. Tanzania haikuwamo, kwa hiyo sisi tulilazimika kufuata mlolongo mrefu: Katibu wa Jimbo, kisha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kisha ubalozi wetu Washington.

Katika hatua ya kwanza ya mlolongo huo ndipo saini inapokuwa na uzito. Ofisi ya Katibu wa Jimbo huthibitisha saini ya karani au mtunza kumbukumbu wa kaunti, au ya msajili wa jimbo. Lakini nakala iliyotolewa na idara ya afya hubeba saini ya afisa wa afya, na hiyo mara nyingi hutakiwa kuthibitishwa kwanza na karani wa kaunti ndipo iendelee. Kwa kifo cha mwaka huu, maana yake ni dirisha moja zaidi. Uliza swali hilo kabla ya kulipa, na nakala ikishagongewa mihuri usitoe pini zinazoshikilia kurasa wala usiipige plastiki.

Malalamiko yangu ni kuhusu kila kitu kilicho nje ya dirisha. Simu ya ofisi hii ni mashine inayokusomea saa za kazi na kukuzungusha hadi unarudi ulikoanzia. Sikuwahi kupata sauti ya mtu. Tovuti inaeleza aina mbili za nakala katika aya moja iliyofichwa chini ya ada za maegesho, na haisemi lolote kuhusu nakala za kutumika nje ya nchi, ingawa kaunti hii imejaa wahamiaji. Fomu zipo kwa Kihispania na lugha kadhaa za Asia, lakini mama mkwe wa kaka yangu, anayesoma Kiswahili na Kiarabu tu, ilibidi asomewe fomu neno kwa neno.

Kwa huduma ya dirishani naipa nyota nne, na kwa maelezo yake kwa umma naipa moja. Ofisi hufunga kupokea maombi mapema kuliko saa za kazi zilizoandikwa mlangoni, kwa hiyo fikeni asubuhi.