Nyota moja kwa duka, Necco zenyewe sijui nizipe ngapi

Juzi juzi nilinunua roli sita za Necco Wafers kwenye duka la pipi za kizamani hapa Boston. Zote sita zimelegea. Necco ni pipi, kidonge bapa kama sarafu, kikavu kama chaki, ukikivunja kwa vidole kinalia "ka!" na kuacha unga mweupe. Hivi vilipinda kwanza, ndipo vikakatika kimya kimya. Vingine vimegandana viwili viwili.

Sababu iko wazi. Pipi hii haipikwi. Sukari ya unga hukandwa na sharubati ya mahindi, jelatini na gamu, ikasukumwa kama chapati, ikakatwa miduara na kukaushwa. Jelatini hunywa unyevu, na ile karatasi ya nta imekunjwa tu nchani, haizibi. Roli zao zimepangwa juu ya friji ya soda inayotoka jasho!

Nilipomwonyesha muuzaji, hakuzigusa hata. "Ndivyo zilivyo. Kampuni ni ileile tangu 1847."

Ileile? Mwaka 1847 Oliver Chase, mhamiaji kutoka Uingereza, alibuni mashine ya kukata vidonge vya pipi. Jina Necco lilikuja 1901, kampuni tatu zilipoungana. Kiwanda chao cha Revere, jirani tu na hapa, kilifungwa ghafla Julai 2018. Zinazouzwa leo ni za kampuni ya Spangler ya Ohio, waliozirudisha madukani 2020. Na huo ulaini anaoutetea ulishakataliwa na wanunuzi wenyewe: 2009 mapishi yalibadilishwa, rangi zikawa za mimea, ya kijani yenye ladha ya ndimu ikaondolewa, kidonge kikawa laini. Watu walilalamika mpaka 2011 mapishi ya zamani yakarudi. Muuza pipi asiyejua hili asimjibu mteja hivyo.

Kwa hasira nilitaka kuandika kwamba hata Necco zenyewe msinunue. Kila rangi ina ladha yake: nyeusi siipendi, na ya waridi inanuka dawa ya kuchua misuli. Lakini ya zambarau ni karafuu. Karafuu kweli, mtu wa Pemba ataijua kabla haijayeyuka, na hata kwenye roli hizi mbovu ladha yake haikupotea. Tatizo, rangi huchanganywa ovyo: roli moja ilikuwa na tano, nyingine haina hata moja.

Basi nunueni, ila kwingine. Bonyeza roli katikati: nzima ni ngumu kama kijiti, iliyolegea inabonyea. Zangu nimezitia kwenye chupa ya kioo juu ya mchele mkavu, nikakaza kifuniko, na baada ya siku kadhaa zimeanza kulia tena. Zilizogandana hazibanduki, zinavunjika tu. Duka nililipa nyota moja kwa sababu hakuna sifuri. Za zambarau zimebaki nne.